Maji Hayana Katibu

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa historia mbele ya waongoza wageni, wenye mashua, madereva wa bajaji na wenye nyumba za kulala wageni, jijini Tanga

Mwenyekiti wa kikao, viongozi wa meza kuu, wazee wangu mliokaa mbele, wenye mashua, vijana wa bajaji, mama zangu wa vyakula, asalaam aleikum. (Waaleikum salaam.) Tumsifu Yesu Kristo. (Milele amina.) Naona wanafunzi wangu wengi humu ndani, na wengine mmeota mvi kunishinda. Kaeni, kaeni.

Kadi niliyoletewa inasema nizungumzie mchango wa historia katika kukuza utalii wa jiji la Tanga. Mada nzito hiyo. Nikiifuata hivyo ilivyo, mpaka nifike kwa Wajerumani nusu yenu mtakuwa mmelala. Basi nitawasimulia habari ya Kosta moja ya wageni kutoka Dar es Salaam. Historia tutaikuta humo humo, maana wageni wale kila walipokwama, palikuwa na mtu aliyekwama hapo kabla yao.

Mtoto wa dada yangu kaajiriwa Dar, ofisi sitaitaja. Akanipigia simu: "Mama mkubwa, tunakuja Tanga wikendi na wenzangu wa kazini, tupo ishirini na ushei, tunataka utuzungushe." Nikamwambia karibuni, mji wenu. Ijumaa usiku wakaingia, na kabla salamu hazijaisha nikakabidhiwa ratiba. Imepigwa chapa, imetiwa nailoni isilowe, kila mmoja anayo shingoni. Mwenye kuiandaa ni kijana mmoja wa idara ya uhasibu, wenzake wanamwita Katibu, nami nitamwita hivyo hivyo. Mtoto mwenye adabu zake, msidhani namsema vibaya. Alishika shule, akashika hesabu, sasa ameishika Tanga.

Sikilizeni Jumamosi yake. Saa 2:00 mnara wa saa. Saa 2:20 Bustani ya Jamhuri. Saa 2:45 Boma la Mjerumani na makumbusho. Saa 4:00 mashua kwenda kisiwa cha Toten. Saa 6:30 chakula. Saa 8:00 mapango ya Amboni. Saa 10:00 maji moto ya Galanos. Saa 11:30 kuogelea Raskazone. Saa 1:30 usiku taarabu. Na Jumapili ndiyo usiseme: Tongoni, Machui, Pangani kuvuka kivuko na kurudi, kisha Dar, vyote kabla ya giza. Nikamwuliza, "Baba, na kujisaidia mmepanga saa ngapi?" Wallahi alitazama ratiba, akaanza kutafuta. (Kicheko.)

Mmoja wao hakuwemo kwenye Kosta. Alipenda treni, akapanda ya kwenda Moshi akiamini itapita Tanga. Reli hiyo ilianza kujengwa hapa hapa Tanga mwaka 1893, kwa hiyo huwezi kumlaumu mtu kwa kudhani itamleta. Ikamshusha Korogwe usiku. Tumwache huko kwanza, atatufikia.

Asubuhi mambo yalianza vizuri, na hilo ndilo lililotuponza. Mnara wa saa wakauona, bustani wakapiga picha, Boma likawashangaza. Katibu akawa anaweka alama ya vema kwa kalamu juu ya nailoni, wino unafutika, anaweka tena. Saa nne kasoro dakika tano tulikuwa pwani.

Sasa nawauliza wenye mashua. Mwezi ulikuwa umefika kumi na tano, mpevu. Saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji ya Tanga yako wapi? (Yametoka!) Yametoka! Mashua imelala ubavu juu ya mchanga, nahodha kakaa kivulini anashona nyavu, na Toten kiko kule mbele yetu, unakiona mpaka miti yake, katikati pametanda tope.

Katibu akamfuata nahodha. "Mzee, si tulikubaliana saa nne?"

"Ndiyo, baba. Nami nipo."

"Mashua je?"

"Si hiyo hapo."

"Na maji?"

"Maji sikukubaliana nayo."

Katibu akauliza kama hakuna upande mwingine wa ufuko wenye maji. Akaambiwa bahari ni hiyo hiyo. Akauliza, hapo ndipo nilipogeuka nisicheke mbele yake, kama kuna mhusika anayeweza kupigiwa simu. Nahodha akaweka sindano chini. "Maji hayana katibu, baba. Saa saba yataanza kuinua mashua, saa kumi yatakuwa yamejaa hapa uliposimama. Hamna haraka, mtakwenda."

Jamani, haraka walikuwa nayo. Haraka ndiyo pekee waliyotoka nayo Dar.

Nikawakalisha chini ya mti wa mkungu. Walikuwa na magunia ya machungwa waliyonunua Muheza njiani, wakaanza kumenya. Nikawaambia msihuzunike, Vasco da Gama naye yalimkuta haya haya, na hakuwa mbali na hapa. Aprili 1498, merikebu yake moja, São Rafael, ilipanda mwamba kusini kidogo ya Tanga, upande wa Mtangata, Tongoni ya leo. Maji yakatoka, merikebu ikabaki juu, kavu. Wareno wenye mizinga na ramani wakakaa wakingoja kama tulivyokaa sisi, mpaka maji yalipojaa ikaelea. Wakiwa maeneo hayo mitumbwi miwili ikawaendea, mmoja umesheheni machungwa, na Mreno aliyekuwa akiandika habari za safari alikiri kwamba ni mazuri kuliko ya Ureno. Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia walikuwa wamekufa wengi kiasi cha kutotosha merikebu zote, basi ile São Rafael wakaichoma moto pwani hiyo hiyo.

Dada mmoja akatazama chungwa mkononi mwake, akasema, "Kumbe hata Mreno alipewa machungwa." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, tofauti ni kwamba nyie mmeyalipia.

Katikati ya maneno hayo kina mama wa pale wakapita na vikapu, wanaingia kwenye tope kuokota kombe za baharini. Bamvua kwao ndiyo siku ya kazi. Wageni wawili wa kike wakawafuata na viatu vyao vya mjini. Nikapiga kelele, hawakusikia. Tope la mikokoni halirudishi kiatu. Mmoja alitoka na kimoja, mwingine hakutoka na hata kimoja, lakini kila mmoja alitoka na kombe mkononi na uso umejaa furaha, na kazi ya kuzungusha wageni nimeifanya vya kutosha kujua kwamba furaha ile Bustani ya Jamhuri haikuwapa. Picha za bustanini walisimama wima. Za matopeni walikuwa wanacheka mpaka jino la mwisho.

Tukaja kwenye chakula. Hapa nitakaa kidogo, mwenyekiti univumilie.

Mama wa chakula tulikuwa tumempa oda siku mbili kabla: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchicha. Kwa heshima ya wageni akafunga turubai mbele ya mgahawa wake, Ngamiani. Mimi nikatangulia kwa bajaji kumhakikishia kwamba wanakuja. Dereva wa Kosta nikampa maelekezo ambayo mtoto wa Tanga angefika amefumba macho: namba ya barabara, na turubai utaliona. Mitaa yetu ya Ngamiani imepewa namba, inafuatana, mtu ni kuhesabu tu. Dereva akahesabu. Ila yeye alihesabu na vichochoro.

Akaingia barabara siyo, na ndani ya barabara ile, kwa kudra za Mwenyezi Mungu, kulikuwa na turubai. Jeupe, kubwa, limejaa watu. Akapaki. Wageni wakashuka. Mzee mmoja kanzu nyeupe na kofia ya kufuma akawakimbilia mikono wazi: "Nyie ndio wa Dar?"

Katibu akasema, "Ndiyo sisi wa Dar."

"Jamani! Mbona mmechelewa?"

Katibu akatazama saa, akatazama ratiba. Saa sita na dakika arobaini. Akainama kwa adabu: "Tunaomba radhi mzee, dakika kumi tu." (Kicheko.)

Ilikuwa harusi. Ndoa imeshafungwa, watu wako kwenye walima, na upande wa bibi harusi walikuwa wakingoja ndugu zao wa Dar es Salaam wasiowaona miaka. Vigelegele vikapigwa. Kina dada wakashikwa mikono, wakaingizwa ndani na kina mama, mlango ukafungwa. Wanaume wakakalishwa mkekani, sinia moja kwa watu wanne, pilau, kachumbari, ndizi mbivu, sharubati ya ukwaju. Katibu alikuja kunisimulia mwenyewe kwamba mpaka dakika hiyo alikuwa anawaza: huduma ya Tanga ni ya hali ya juu, wametutenganisha wanawake na wanaume kwa kufuata utamaduni, na hata watumbuizaji wameleta.

Akashiba. Akanawa. Akamsogelea yule mzee, ambaye ni mjomba wa bibi harusi, akamnong'oneza: "Mzee, tunalipia wapi?"

Mjomba akafurahi, kijana wa Dar anajua wajibu wake. "Pale, kwa yule mwenye daftari."

Katibu akaenda kwa mwenye daftari, akahesabu kichwa kwa kichwa kwa ile bei tuliyopatana na mama wa chakula, akatoa fedha zote taslimu. Mwenye daftari akaandika, akasimama, akashika kipaza sauti, akatangaza: ndugu wa Dar es Salaam wametunza kiasi kadha wa kadha! Ukumbi wote, yaani barabara yote, vigelegele. Katibu kasimama pale pale, hajaelewa kwa nini bili yake inashangiliwa. Akainama tena: "Naomba na risiti, ya ofisi."

"Risiti yako utaipata kwa Mungu, mwanangu."

Yule wa treni naye ndipo alipofika. Alikuwa ametoka Korogwe kwa basi, kashuka Kange, kapiga simu kuuliza mko wapi. Wenzake, ambao kufikia hapo walishaanza kuelewa, wakamjibu tuko harusini, njoo. Alidhani wanamtania. Akaja na begi mgongoni, akapokelewa, akapewa sinia. Huyu ndiye peke yake aliyefika harusini akijua kwamba ni harusi.

Saa nane ikaingia Kosta nyingine. Ndugu wa Dar wenyewe. Mjomba akawatazama hawa, akawatazama wale, kimya kikapita, kisha akasema, "Basi Dar tuna ndugu wengi kuliko tulivyojua. Karibuni, leteni masinia."

Mimi nilikuwa wapi? Mgahawani, mezani kwa samaki ishirini na ushei wanaopoa, na mama wa chakula ananitazama. Simu ya Katibu imezimika, ya mtoto wa dada yangu iko kwenye mkoba, mkoba uko ndani, ndani ndiko kwenye hina. Simu yangu mimi inaita tu, ni nahodha: "Mwalimu, maji yapo, nyie hampo." Kwa mara ya kwanza siku ile bahari ilikuwa imefika kwenye miadi. Nilipowapata nikaona kabisa kwamba kisiwa cha Toten kimekufa. Huwezi kumtoa mwanamke aliyekalia hina haijakauka ukampandisha mashua. Mama wa chakula nilihakikisha analipwa fedha yake yote, na samaki akawafunga kwenye makaratasi, tukaondoka nao.

Amboni tulifika saa kumi imepita. Pangoni hakuna jioni, kwa hiyo hilo halikutuumiza. Lililotuumiza ni taa. Simu zote zilikuwa zimemaliza chaji kwa kupiga picha harusini, na wageni walioandika ratiba ya kurasa mbili hawakuandika tochi. Tukaingia na tochi ya kijana mwenyeji na nyingine ya dereva. Popo wakawa wanafanya yao. Katibu akafika kwenye ule upenyo mwembamba na begi lake mgongoni, begi lina maji, mwavuli, sanduku la huduma ya kwanza na nakala za akiba za ratiba, akanasa. Mwili ulipita, begi likagoma. Wa mbele wanavuta, wa nyuma wanasukuma, na kijana wetu mwenyeji, fundi wa maneno kwelikweli, hakukatisha maelezo yake. Akawa anasema, na njia hii hapa ukiifuata inakwenda moja kwa moja mpaka Mombasa.

Sauti ya Katibu ikatoka gizani: "Kama inafika Mombasa, kwa nini watu wanapanga foleni Horohoro?"

Vijana wangu waongozaji, hapa nataka tusemezane. Ile habari ya Mombasa, na ile nyingine ya kwamba pango linatokea mlima Kilimanjaro, ni hadithi nzuri. Na mimi niliambiwa na bibi yangu. Isimulieni, lakini isimulieni kuwa hadithi: wazee wetu walisema. Msiitoe kwa sauti ile ile mnayotumia kutaja jiwe la chokaa na umri wake. Wataalamu waliyapima mapango yale miaka ya 1990, na lililo refu kupita yote halikufika hata kilomita moja. Mgeni wa leo atatoka pale nje, atatafuta kwenye simu yake, ataikuta habari hiyo, na kuanzia hapo hatakuamini hata ukimwambia kweli tupu. Na kweli tunayo ya kutosha. Mweleze jinsi maji yanavyolila jiwe la chokaa taratibu mpaka linakuwa ukumbi. Mwonyeshe mahali pa tambiko, mwambie avue kofia, kwa sababu watu wanakuja pale na shida zao. Msimulie Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliojificha mle miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ikiwatafuta, huku watu wengine wakiwaita majambazi na wengine wakiwaita wapigania haki. Mwache mgeni abishane na mwenzake njiani nani alikuwa sahihi. Mtu anayebishana amekumbuka.

Galanos sitakaa sana. Maji moto yale yana salfa, inasemwa yanatibu ngozi, watu wa hapa wamekuwa wakiyaoga tangu enzi na enzi, na jina limebaki la mkulima wa mkonge Mgiriki. Harufu yake ni ya yai viza. Wageni wakaoga wote, wakaingia ndani ya Kosta iliyofungwa vioo. Dereva akaendesha na kichwa nje.

Kwa hali ile taarabu isingewezekana. Wakasema twende Raskazone tukajisuuze baharini. Tumefika, giza limeingia, na maji, eh, wenye mashua, saa moja na nusu usiku? (Yanatoka!) Yanatoka tena! Bahari ikawakimbia mara ya pili siku moja. Mlinzi mmoja, mzee wa watu, akatupatia mfereji na ndoo, wakajimwagia zamu kwa zamu. Kisha tukafungua samaki wa mama wa chakula, tukala gizani kwa mikono, na ndipo nikawasimulia kuhusu hapo walipokaa.

Hapo Raskazone ndipo jeshi la Mwingereza liliposhuka Novemba 1914. Tarehe 2 manowari yao iliingia, kapteni akampa Mjerumani muda wa saa moja ausalimishe mji. Saa ikapita. Waingereza wakaanza kutafuta mabomu ya majini, hayakuwepo. Wakati wanatafuta, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa anashusha askari wake kwa treni kutoka Moshi. Waingereza walikuwa kama elfu nane, wengi wao Wahindi waliokaa melini majuma mazima, wakashushwa usiku kwenye mikoko na matope. Mbele yao walikuwepo watu elfu moja na kitu, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 mapigano yalipopamba moto, risasi zikapasua mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka. Tarehe 5 jeshi la Mwingereza likapanda meli likaondoka, nyuma limeacha bunduki kwa mamia na risasi zaidi ya laki tano. Wazungu wanaiita vita ya nyuki, na watu hucheka. Mimi wanafunzi wangu niliwaruhusu wacheke mara moja tu, kisha nikawapeleka makaburini. Wahindi wale na askari wale hawakuandika ratiba ile.

Katibu akauliza, "Mwalimu, na wao walikuwa wamepanga mji uanguke saa ngapi?" Nikajua kijana ameanza kupona.

Jumapili kina dada watatu hawakupanda gari. Shangazi wa bibi harusi alikuwa amewatumia mtu tangu alfajiri, waende wamalizie hina na wapelekwe kumwona bibi harusi. Pangani tukaiacha. Tongoni tulikwenda, kwenye msikiti ulioporomoka na makaburi yapatayo arobaini ya wazee wetu wa karne ya 14 na 15, tukakaa mpaka kila aliyetaka kuuliza ameuliza. Machui tukazuru kaburi la Shaaban Robert, karani wa serikali aliyezaliwa Januari 1909 Vibambani, jirani na hapo, akafa Juni 1962. Wengi walikariri mashairi yake shuleni, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kalala huku, kilomita chache kusini mwa mji. Hilo, viongozi wa meza kuu, silipeleki kwa wageni. Nalileta kwenu.

Sasa nimalizie na mambo ya biashara, maana nyinyi ni watu wa biashara.

Habari ya harusi ile imeenea. Juma lililopita kijana mmoja alinifuata na wazo: tuwe tunawapeleka wageni harusini, kwa bei, tuite kifurushi cha utamaduni. Nimemkatalia na leo nakataa hadharani. Mjomba yule aliwalisha wale watoto kwa sababu aliwadhani damu yake, na alipogundua siyo, akawalisha kwa sababu wameshakaa mkekani. Ukishaiwekea bei, mjomba anakuwa mhudumu ndani ya harusi ya mtoto wa dada yake bila kuulizwa. Wageni wakialikwa na wenyewe, waende, wavae vizuri, watunze. Wewe usikae mlangoni kukata tiketi.

La pili ni bamvua, na hapa yupo mtu humu ukumbini ninayemsema, simtaji, anajijua. (Kicheko.) Fedha ya mashua ilipokelewa kwa simu siku kumi kabla, mwezi mwandamo ukijulikana, na saa nne ikakubaliwa bila neno. Nahodha aliyekuwa pwani hakuwa na kosa, aliambiwa tu asubuhi ile kuna wageni wa saa nne. Aliyepokea fedha ndiye aliyejua. Ukiniambia mgeni hakuuliza, nitakujibu mgeni wa Dodoma au wa Nairobi atajuaje kwamba kuna swali? Maji yanachelewa karibu saa nzima kila siku, hesabu hiyo watoto wenu wa pwani wanaijua kabla ya jedwali la kuzidisha. Kumwambia mteja "siku hiyo njoo saa tisa" kunagharimu meseji moja.

Kwa hiyo nimeomba ubao. Usimamishwe pale zinapopanda mashua, kila asubuhi uandikwe saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa, na chini yake nauli ya siku hiyo, moja kwa wote, ili isipande mtu anapoonekana amekwama. Mbao nimeahidiwa na fundi mmoja wa Chumbageni. Rangi ninayo nyumbani, nyeusi na nyeupe, ilibaki nilipopaka ukuta. Wenye mashua mtapanga wenyewe zamu ya kuandika, na ambaye hati yake haisomeki asijitolee, nawafahamu, nimesahihisha madaftari yenu. Mwenye mwandiko ulionyooka na anayeamka alfajiri anione hapo mlangoni kabla hajaenda kunywa chai. Ahsanteni.